Wekundu huu ni wa nani?

Mwezi ulitoka upande wa Usangu ukiwa mwekundu kabisa. Yani sio ule wekundu wa kusema labda macho yangu, ni mwekundu wa watu kusimama barabarani pale Uyole na kuunyooshea vidole.

Wa Mbeya mnaujua mwezi wa kumi. Mvua bado, watu wanachoma mashamba kuanzia Igurusi mpaka sijui wapi, Loleza unajua tu kwamba ipo ila huioni, na nguo ukianika unaanua na majivu juu yake. Nilikuwa nafunga steshenari, mama mmoja anayeuza viazi pale nje akaniita, "Mwanangu, wewe unayesoma mambo ya nyota, huu mwezi umepatwa na nini?" Nikamwambia ni moshi tu mama, mwezi wenyewe hauna shida. Akaridhika, akaendelea kufunika viazi vyake.

Kijana ninayefanya naye kazi ndo hakuridhika.

"Kwa hiyo dada, mwezi wenyewe sio mwekundu?"

"Sio."

"Sasa mtu aliyezaliwa ndani ya moshi, hajawahi kuuona mwezi bila moshi hata siku moja, huyo atajuaje?"

Nikamwambia aingize mashine ya fotokopi ndani tufunge. Sikuwa na jibu, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa ameniuliza kitu kilekile ninachokisoma usiku bila yeye kujua.

Swali likanikaa kichwani wiki nzima, halafu ya pili, halafu nikaacha kuhesabu.

## Kitone cha rangi ya chungwa

Wasomaji wa siku nyingi mnajua kwamba usiku wateja wakiisha huwa nabaki na kompyuta na bando nikiangalia picha za mradi wa Backyard Worlds. Kwa wageni niseme kwa kifupi tu. Ni mradi ulioanzishwa Februari 2017 ukiongozwa na Marc Kuchner wa NASA, mtu yeyote anaingia, anaonyeshwa kipande kidogo cha anga kilichopigwa picha na setilaiti ya WISE kwa miaka tofauti, picha zinabadilishana haraka haraka, na kazi yako ni kuona kama kuna kitone kinachohama. Nyota za mbali hazihami. Kinachohama kiko karibu.

WISE ilirushwa Desemba 2009, ikatazama anga yote kwa infraredi, yani mwanga ambao macho hayauoni, na mwishowe ikazimwa Agosti 2024. Kwenye zile picha mwanga wenye wimbi la maikroni 3.4 (maikroni ni sehemu ya milioni ya mita) umepakwa bluu na ule wa maikroni 4.6 umepakwa nyekundu, kwa hiyo nyota nyingi zinatoka nyeupe au bluu, lakini kitu cha baridi kinatoka rangi ya chungwa. Ukiona kitone cha chungwa na kinahama, moyo unaruka kidogo, mi nakiri, hata kama tisa kati ya kumi ni uchafu wa kamera au miale ya nyota kubwa ya jirani.

Vile vya chungwa ndo vibete vya kahawia. Vitu ambavyo vilianza kujikusanya kwa njia ya nyota ila uzito haukutosha, havifiki hata mara 75 hivi ya sayari ya Mshtarii (Jupita), kwa hiyo haviwezi kuchoma haidrojeni kwa uthabiti. Vinazaliwa na joto, halafu kazi yao yote iliyobaki ni kupoa. Shiv Kumar alivifikiria kwa hesabu mwanzoni mwa miaka ya 60, Jill Tarter akavipa jina 1975, na vikaja kuonekana bila ubishi 1995 tu, Teide 1 kwenye Kilimia na Gliese 229 B. Miaka 30 na zaidi ya kusubiri kitu ambacho hesabu ilishasema kipo.

Na kabla hamjaniuliza, hapana, kwenda Kitulo usiku hakusaidii. Giza la Kitulo ni zuri sana na ile baridi yake kila mtu aipate mara moja, lakini hakuna kibete cha kahawia kinachoonekana kwa macho. Hata Luhman 16, ile jozi aliyoitangaza Kevin Luhman mwaka 2013, iliyo miaka ya nuru 6.5 tu kutoka hapa na iko anga ya kusini ambayo sisi tunaiona vizuri kuliko wazungu wengi, macho hayaipati.

## Namba mbili zinatoana

Sasa wekundu ninaousema hapa sio wa macho, ni wa namba. Unapima mwanga wa kitu kwenye maikroni 1.25, wanaita J, unapima tena kwenye maikroni 2.2, wanaita K, unatoa. Matokeo yakiwa makubwa maana yake kitu kinatoa K nyingi kuliko J. Kinaitwa chekundu.

Kibete cha kawaida cha daraja la L, yani cha nyuzi elfu moja na kitu mpaka elfu mbili hivi, kinakupa jibu la 1.5, 1.8, hata 2. Ukipita 2 watu wanaanza kukusogelea. Mwaka 2013 Michael Liu na wenzake wakatangaza PSO J318.5-22 waliyoipata kwa darubini ya Pan-STARRS kule Hawaii, ikawa na 2.78. Na mwaka 2023 Adam Schneider na wenzake, pamoja na watu wa kujitolea wa mradi wetu, wakatangaza CWISE J0506+0738, ikaja na 2.97, ikawa nyekundu kuliko kitu chochote cha daraja la L au T (T ndo la baridi zaidi) kinachoelea chenyewe bila nyota. Kipimo hiki hakihesabiwi kama namba za kawaida, 2.97 maana yake ukilinganisha na nyota nyeupe Vega, K yake imezidi J mara 15 hivi.

Kichwa cha ile ripoti yao kinasema ni chekundu kuliko wekundu wenyewe. Nilicheka.

Halafu nikakumbuka mwezi wa Uyole.

## Jibu la haraka: ni changa

Ukiuliza kwanini kibete kimekuwa chekundu kupita wenzake, jibu utakalopewa kwanza ni umri. Na sio jibu la kubahatisha, lina mantiki nzuri sana.

Kibete kichanga bado hakijajikunja vizuri, ni kipana, kwa hiyo mvutano wa pale juu ni mdogo. Kwenye joto lile, madini ambayo sisi tunayajua yakiwa mawe yanaganda angani na kuwa vumbi, silikati na wenzake, mawingu ya mchanga kabisa. Kwenye kibete kizee mvutano ni mkali, vumbi linazama mapema. Kwenye kichanga linabaki juu linaelea. Vumbi likiwa juu linaziba J zaidi kuliko K, na kitu kinatoka chekundu. Kwisha.

Na kuna namna ya kuhakiki. Spektra ya kichanga, yani mwanga wake ukitawanywa rangi kwa rangi, ina alama zake, mistari ya sodiamu na potasiamu inakuwa dhaifu, na pale kwenye maikroni 1.6 hivi mwanga unapanda na kushuka kwa umbo la pembetatu badala ya kuwa na mgongo wa bapa. Halafu unaangalia kinaelekea wapi na kwa kasi gani, kwa sababu nyota zilizozaliwa pamoja zinatembea pamoja. PSO J318.5 ikakutwa inatembea na kundi la Beta Pictoris, kundi la miaka milioni 20 na kitu, na hesabu ya uzito ikatoka kama mara nane ya Mshtarii. Iwe sayari isiyo na nyota, iwe kibete, huo ugomvi wao.

Nyingine ninayoipenda ni ya Kendra Kellogg na wenzake. Hawa walichuja makusudi orodha za misako mikubwa ya anga, SDSS, 2MASS na WISE, wakitafuta vyekundu tu visivyo vya kawaida, na mwaka 2015 wakaibuka na 2MASS J1119-1137, ambayo baadaye ikaunganishwa na kundi la TW Hydrae, miaka milioni 10 tu. Kwenye mambo ya nyota miaka milioni 10 ni mtoto wa kunyonya. Halafu 2017 William Best na wenzake wakaielekezea darubini ya Keck, wakakuta ni viwili, vinazungukana, kila kimoja uzito wa mara 3.7 hivi ya Mshtarii. Kitu kimoja chekundu kikawa viwili vyekundu vyepesi mno.

Kwa hiyo umri unaeleza mengi. Mi mwenyewe kwa muda mrefu nikiona chekundu nilikuwa nasema changa na kuendelea na maisha, na mara nyingi ni kweli.

Ila sio mara zote, na hapo ndo tatizo langu lilipoanza.

## Kile kimoja cha 2014

Kuna kitu kinaitwa ULAS J222711-004547. Federico Marocco na wenzake walikitangaza 2014, wekundu wake 2.79, yani kinatoshana kabisa na PSO J318.5. Ukiweka namba hizo mbili pembeni ya nyingine utasema ndugu wa baba mmoja.

Wakatumia darubini ya VLT kule Chile, wakapata spektra nzuri. Wakaanza kutafuta utoto. Wakaangalia mwendo wake, hautembei na kundi lolote changa linalojulikana. Wakajaribu kukifananisha na hesabu za vibete vyenye mvutano mdogo, hesabu zikakubali kwa shingo upande, ule ulinganifu wenyewe ulikuwa mbovu.

Nilivyofika hapo nikasimama nikajimiminia chai.

Uwezekano wa kwanza ambao mtu yeyote mwenye akili anauwaza, na kijana wangu aliuwaza bila kusoma kokote, ni kwamba kitu hakina wekundu wowote, tatizo liko katikati. Njia ya Maziwa imejaa vumbi, nyota ikikaa nyuma ya vumbi inatoka nyekundu, wanaotafuta vibete wanalalamika kila siku kuhusu nyota za kawaida kabisa zilizojificha nyuma ya vumbi zikajifanya vibete. Ndo maana kuhama ni muhimu, kitu kinachohama upesi kiko karibu, na kilicho karibu hakiwezi kuwa nyuma ya wingu la mbali. Na kwa hicho cha 2014 waliangalia pia, upande ule wa anga vumbi la katikati ni dogo la kupuuzwa.

Kwa hiyo sio moshi wa njiani.

Sasa walichofanya baada ya hapo ndo kimenikalisha wiki zote hizi. Walichukua spektra yake, wakasema hebu tujifanye kuna pazia la vumbi mbele yake, tuliondoe kwa hesabu. Wakaondoa. Kilichobaki kikawa kibete cha L7 (daraja la L lina ngazi kuanzia 0 mpaka 9) cha kawaida, cha kiwango, yani ukikiweka pembeni ya vile vinavyotumika kama mfano wa daraja hutofautishi. Hakuna dalili ya utoto, hakuna dalili ya chochote cha ajabu.

Yani chini ya wekundu wote ule kulikuwa na kitu cha kawaida tu.

Na kwa kuwa pazia halikuwa njiani, basi pazia ni lake mwenyewe. Limo kwenye hewa yake ya juu.

## Moshi wa Usangu, ukungu wa Isyonje

Hapa ndo nilielewa kitu ambacho nadhani ningekielewa mapema kama ningetazama nje ya dirisha.

Mnaopita Isyonje kwenda Tukuyu asubuhi mnajua ule ukungu. Gari linawasha taa saa tatu, huoni wauza viazi mpaka uwe umeshawapita. Ule ukungu ni mzito kuliko moshi wowote wa mashamba, unameza jua zima, lakini jua likichungulia ndani yake ni jeupe. Jeupe la maziwa. Moshi ni mwepesi, unaona hata mlima kwa mbali, ila jua linakuwa jekundu.

Tofauti ni ukubwa wa punje. Tone la ukungu lina maikroni 10 na kuendelea, mawimbi yote ya mwanga tunaouona, ambayo ni maikroni 0.4 mpaka 0.7, kwa tone kubwa hivyo ni yaleyale, linayatawanya yote sawasawa. Chembe ya moshi haifiki hata maikroni moja, ni ndogo kiasi kwamba bluu inakwama na nyekundu inapita. Kwa hiyo wekundu hauambii kama kizuizi ni kinene. Unakuambia kizuizi kimesagwa kiasi gani.

Marocco na wenzake walipouliza pazia la kile kibete ni la punje gani, jibu likaja maikroni 0.5 hivi. Na mwanga wanaoupima ni wa 1.25 na 2.2. Mambo ni yaleyale ya moshi, yamesogezwa tu kwenye mawimbi marefu, J inakwama, K inapita. Mwaka 2016 kundi lingine, Kay Hiranaka na wenzake, wakavichukua vibete vyekundu vingi wakavipima hivyohivyo, punje zikatoka ndogo, chini ya maikroni moja, kwenye hewa ya juu kabisa.

Na punje zenyewe za nini? Marocco na wenzake walijaribu madini tofauti, yakiwemo enstataiti, ambayo ni silikati, na korandumu. Korandumu ndo hiyohiyo yakuti, watu wa Songea na Tunduru wanaichimba wanauza. Yani kuna uwezekano kule juu kuna ukungu wa unga wa yakuti na sisi huku tunasumbuka na madalali.

Basi nikamwambia kijana, jibu la swali lako ni hili, mtu aliyezaliwa ndani ya moshi anaweza kujua. Anapima rangi zote, sio moja, anaona zinavyokwama moja baada ya nyingine, kisha anahesabu ni moshi wa punje gani na anautoa.

Akaniuliza, "Na kama ametoa vibaya?"

Huyu kijana nitamfukuza kazi.

## Wanaosema mawingu hayahitajiki

Manake na kweli kuna watu wanasema mnatoa kitu ambacho hakipo. Pascal Tremblin na wenzake, kuanzia 2015 na 2016, wakaja na hoja kwamba unaweza kupata wekundu wote huo bila wingu hata moja. Wanasema J ndo dirisha la kutazama ndani zaidi ya kibete, kwenye joto kali la huko chini, halafu kule ndani kuna vurugu inayotokana na kaboni monoksaidi kubadilika kuwa methani na kurudi, ile vurugu inapunguza tofauti ya joto kati ya juu na chini, kwa hiyo dirisha la J linaonyesha kitu kisicho cha moto sana, J inafifia, wekundu unapatikana. Wakaitumia mpaka kwa PSO J318.5 na hesabu zikakubali.

Hii ilinisumbua kweli, na sitaki kuipita haraka kwa sababu ni hoja nzuri. Ukiwa na namba mbili tu, J na K, huwezi kutofautisha pazia la vumbi na chumba kisicho na moto wa kutosha. Zote zinakupa 2.8.

Kilichonirudisha upande wa vumbi ni maikroni 10. Silikati ina alama yake kwenye maikroni 8 mpaka 11 hivi, inanyonya mwanga pale, na kaboni monoksaidi haiwezi kuigiza hiyo. Genaro Suárez na Stanimir Metchev walipitia upya spektra za zamani za darubini ya Spitzer, wakatoa kazi yao 2022, alama ya silikati imo kwenye vibete vingi vya L. Na 2023 Brittany Miles na wenzake wakaonyesha spektra ya VHS 1256 b iliyopimwa na darubini ya anga ya James Webb, kitu kingine chekundu sana, na silikati imekaa pale wazi, pamoja na maji, methani, kaboni monoksaidi na kaboni dayoksaidi.

Kwa hiyo mchanga upo. Kama vurugu ya Tremblin nayo ipo inachangia kiasi, mi sina shida nayo, vinaweza kuwepo vyote viwili. Ila mtu asiniambie hakuna mawingu.

## Umekaa upande gani?

Nilidhani hapo nimemaliza. Umri, vumbi, basi. Halafu nikakutana na kazi ya Johanna Vos na wenzake ya 2017, na hii ndo iliyonifanya niandike makala hii badala ya kulala.

Wao waliuliza, hivi vibete tunavitazama kutokea upande gani? Kwa sababu kibete kinazunguka kwenye mhimili wake na sisi hatukuchagua pa kukaa. Vingine tunavitazama kwenye kiuno, ikweta yao iko mbele yetu. Vingine tunavitazama kichwani, ncha inatuelekea sisi.

Namna ya kujua ni ya akili sana na haihitaji kukiona kibete ni duara. Kwanza unasubiri kififie na kung'aa mawingu yakipita, unapata kinazunguka kwa saa ngapi. Upana wake unaujua, vibete karibu vyote vinazungukia upana wa Mshtarii, vichanga vimezidi kidogo. Ukiwa na upana na saa, unajua ikweta inakimbia kwa kasi gani. Halafu unaangalia mistari ya spektra imepanuka kiasi gani, hiyo inakupa kasi unayoiona wewe kutokea ulipo. Kasi mbili zikilingana, umekaa usawa wa ikweta. Ile ya pili ikiwa ndogo sana, unatazama kichwani.

Wakapanga vibete kwa pembe. Vinavyotazamwa kwenye ikweta ni vyekundu kuliko wastani wa daraja lao. Vinavyotazamwa kwenye ncha vimeegemea bluu.

Soma tena hapo.

Kitu kilekile, umri uleule, vumbi lilelile, ukikaa upande huu ni chekundu, ukikaa upande ule sio. Maana yake mawingu yamejazana zaidi ikweta na kupungua kwenye ncha. Mwaka 2023 Suárez na wenzake wakatumia ile alama ya silikati ya Spitzer kuangalia jambo hilohilo, wakakuta walio usawa wa ikweta ndo wanaonyesha mchanga zaidi.

Na VHS 1256 b tena, vipimo vinaonyesha tunaitazama usawa wa ikweta au karibu na hapo, inazunguka kwa saa 22 hivi, na ndo hiyohiyo nyekundu sana, na ndo hiyohiyo inayobadilika mwanga vibaya. Brendan Bowler na wenzake 2020 waliitazama na Hubble, ndani ya saa zisizofika tisa mwanga ukapanda kwa karibu asilimia 20, na kwenye rangi moja karibu robo nzima. Baadaye ukilinganisha vipimo vya nyakati mbili tofauti tofauti ikafika asilimia 38. Mawingu yanapita mbele yetu kwa mafungu, hayakai sawa.

Hii pembe imenigusa kuliko umri na vumbi na najua sababu. Umri ni wa kile kibete. Vumbi ni la kile kibete. Lakini pembe ni yangu mimi na Uyole yangu. Kama kuna viumbe vinapiga hesabu upande mwingine wa Njia ya Maziwa, orodha yao ya vibete vyekundu haifanani na yetu, vyekundu vyetu vingine kwao ni vya kawaida kabisa na wala havijawahi kuandikiwa ripoti.

Nilimsomea mama wa viazi hiyo habari siku moja wateja wakiwa hamna. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo mnalipwa kwa hiyo kazi?" Nikasema hapana mama. Akasema "ndaga", yani asante, akaondoka zake.

## J0506

Turudi kwenye kinara, CWISE J0506+0738. Kiko upande wa Orioni, sio mbali na Bellatrix, kwa hiyo kuanzia Desemba ukitoka nje jioni na mawingu yakikuhurumia unautazama ule upande, ingawa chenyewe huwezi kukiona. Spektra ya Keck inasema mvutano mdogo, yani kichanga. Mwendo wake na kasi yake na makisio ya umbali vinakiweka kwenye kundi la Beta Pictoris kwa uwezekano mkubwa. Ila Schneider na wenzake wenyewe walisema umbali ule ni wa kukisia kwa mwangaza, na kwamba paralaksi, yani kupima umbali kwa jinsi kinavyoonekana kusogea Dunia ikizunguka Jua, ndo itakayokata mzizi. Tena kina kinachofanana na alama ya methani, ambayo ni dalili ya ubaridi kuliko vyekundu wenzake, na vipimo vya WISE vya miaka tofauti vinadokeza mwanga wake unabadilika.

Kila mtu niliyemsoma anapokitaja anasema changa, changa, changa. Sawa. Lakini vile vingine vya kundi lilelile la Beta Pictoris navyo ni vichanga, umri mmoja, na havina 2.97. PSO J318.5 ni mwenzao na imeishia 2.78. Tofauti hiyo ndogo kwenye karatasi ni karibu asilimia 20 ya mwanga, na umri hauwezi kuieleza maana umri ni mmoja. Ubaridi unaweza kueleza sehemu. Punje za vumbi zinaweza.

Mi pesa yangu naiweka kwenye pembe. Nasema tunakitazama kiunoni, usawa wa ikweta kabisa, pale mchanga ulipojazana, na ndo maana kimepita wenzake. Ushahidi wa mabadiliko ya mwanga unaelekea huko, kwa sababu kwenye kazi ya Vos walio usawa wa ikweta ndo wanaobadilika zaidi pia.

Ni rahisi kunikosoa na naomba mtu anikosoe. Kinahitajika muda wa mzunguko wake, unaopatikana kwa kukitazama saa nyingi mfululizo bila kukiachia, na upana wa mistari yake kwa spektra kali kuliko ile ya kwanza. Ikionekana ncha ndo inatuelekea na bado kina wekundu ule, basi hoja yangu imekufa kwa hicho kimoja na nitarudi kwenye vumbi na umri na wengine wote.